Saa Iliyoandikwa Juu ya Barua

Juu ya kila barua pepe itokayo katika ofisi ya Nairobi, pamoja na jina la mpelekaji na la mpelekewa, kompyuta huandika tarehe, saa, na alama ndogo ya tarakimu nne: +0300. Makarani wengi hawaioni alama hiyo, kwa kuwa programu za barua aghalabu huificha. Lakini ipo, nayo ndiyo inayoiwezesha barua kusomwa London, Mumbai au New York bila ya msomaji kudanganyika juu ya wakati ilipoandikwa. Maana yake ni kwamba saa ya Kenya imetangulia kwa muda wa saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, iliyoko Uingereza. Katika insha hii twataka kujua alama hiyo ilitoka wapi, ni nani walioamua kwamba iwe tatu, na kwa nini mtu wa siku hizi, ambaye ana mashine ya kumfanyia hesabu, bado hana budi kuifahamu.

Hapo kale kila mji ulikuwa na saa yake. Dunia hujizungusha mara moja katika muda wa saa 24, na kwa kuwa duara lina nyuzi 360, basi jua huonekana kupita nyuzi 15 katika kila saa, au uzi mmoja katika kila dakika nne. Mombasa iko mashariki ya Kisumu kwa karibu nyuzi tano. Kwa hiyo jua linapokuwa juu ya kichwa cha mtu wa Mombasa, mtu wa Kisumu hana budi kungoja dakika 20 hivi kabla halijafika juu yake. Kila mmoja akisema kwamba sasa ni adhuhuri, kila mmoja husema kweli, lakini kweli zao hazikutani.

Watu wa pwani yetu hawakusumbuliwa na jambo hilo. Wao walihesabu siku tangu jua kuchwa, kama ilivyo desturi ya Waislamu, na usiku ukatangulia mchana. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya magharibi, na saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Hesabu hii inafaa sana katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Katika nchi za kaskazini, ambako jua la Juni huchwa usiku sana na la Desemba huchwa mapema, hesabu kama hii ingeyumba kila wiki. Jahazi lililokwenda Arabuni kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi halikuhitaji saa moja kwa bandari zote. Nahodha alihesabu miezi na siku. Dakika 20 hazikuwa kitu kwake.

Aliyeuvunja utulivu huo duniani alikuwa gari la moshi. Huko Uingereza, mji wa Bristol uko magharibi ya London, na saa yake ya jua ilikuwa nyuma kwa dakika kumi hivi. Msafiri wa farasi hakuijali tofauti hiyo. Lakini gari la moshi lilikuwa na ratiba iliyoandikwa, na mtu aliyeitegemea saa ya kwao aliweza kufika stesheni na kukuta gari limekwisha kuondoka. Ilikuwako pia hatari kubwa zaidi: magari mawili yanayotumia njia moja, na wakuu wa stesheni wasiokuwa na saa moja, yaweza kugongana. Kwa hiyo mwaka 1840 kampuni ya reli ya Great Western ilianza kufuata saa ya London katika stesheni zake zote, na kufikia mwaka 1847 kampuni nyingi za reli zilianza kukubali saa ya Greenwich. Watu wa Bristol hawakuridhika upesi. Saa kubwa ya soko lao iliwekwa mikono miwili ya dakika, mmoja kwa saa ya mji na mmoja kwa saa ya London, mpaka mwaka 1852 mji ulipokubali saa ya reli. Sheria ya Uingereza yenyewe ilingoja hadi mwaka 1880 ndipo ikaithibitisha saa ya Greenwich kwa nchi nzima. Hapa twaona mpango wa mambo haya: kazi hutangulia, sheria hufuata.

Marekani, kwa kuwa ni nchi pana, ilikuwa na shida kubwa zaidi. Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni ya reli yaliigawanya nchi katika kanda, kila ukanda na saa yake, na ukanda mmoja ukapishana na jirani yake kwa saa moja kamili. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington ili kuchagua mstari mmoja ambao dunia nzima itaanzia kuhesabu. Nchi 22 ziliichagua Greenwich, nchi moja ilikataa, na mbili, yaani Ufaransa na Brazil, hazikupiga kura. Mkutano huo haukuigawanya dunia katika kanda kama wengi wanavyodhani. Ulichagua mwanzo wa hesabu tu, na serikali moja moja zikaamua mambo yao baadaye. Ufaransa yenyewe haikuifuata saa ya Greenwich mpaka mwaka 1911, na hata hapo sheria yake haikulitaja jina la Greenwich, bali ilisema kwamba saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21. Taifa kubwa nalo lina haya zake.

Katika bara zima la Afrika, nchi iliyokuwa na mjumbe katika mkutano ule ni Liberia peke yake. Tena, mwezi mmoja baadaye, Novemba 1884, ulifunguliwa mkutano mwingine mjini Berlin, ambao matokeo yake kwa Afrika yajulikana na kila mwanafunzi wa historia. Mistari miwili ya namna mbili, mmoja wa kuhesabia saa na mwingine wa mipaka ya nchi, ilizungumzwa katika msimu mmoja, na wenyewe hawakuulizwa. Si kwamba mstari wa saa ulikuwa jambo baya, dunia iliuhitaji. Lakini yafaa tujue kwamba saa tunayoifuata ni mapatano ya watu, na kwamba mapatano hutegemea walioketi mezani.

Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuunganishwa na dunia kwa waya kabla ya hapo. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na tangu siku hiyo habari iliweza kufika London siku ile ile. Makarani wa simu ndio waliokuwa wa kwanza kwetu kuliona jambo la ajabu ambalo waandishi wa barua pepe huliona kila siku. Unguja iliitangulia London kwa zaidi ya muda wa saa mbili na nusu. Basi simu iliyopelekwa Unguja adhuhuri, ikienda upesi, iliweza kupokelewa London kabla ya saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo, kana kwamba imefika kabla ya kuondoka. Asiyeelewa angefikiri kwamba karani amekosea. Anayeelewa alijua kwamba saa mbili zilizoandikwa juu ya karatasi moja hazikuwa za ukoo mmoja.

Kisha reli ikaja kwetu. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ukafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo. Njia ilikuwa moja, na magari yalipishana katika stesheni. Zile dakika 20 baina ya Mombasa na Kisumu, ambazo hazikumsumbua nahodha yeyote, sasa zilikuwa suala la uhai na mauti.

Kupata saa moja ya nchi hakukuwa jambo la siku moja. Saa ya jua ya Nairobi inaitangulia Greenwich kwa muda wa saa mbili, dakika 27 na sekunde chache. Kwa hiyo kwanza serikali ya kikoloni ilifuata saa mbili na nusu, ambayo yakaribia sana na jua la Nairobi. Mwaka 1928 ikasogezwa mbele ikawa saa tatu kamili. Mwaka 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu. Mwanzoni mwa mwaka 1937 ikawekwa saa mbili na dakika 45, katikati ya jua na hesabu kamili. Na mwaka 1942, wakati wa vita, ikarudi tena saa tatu, ambayo ndiyo tuliyo nayo hata leo. Msomaji asiicheke robo saa hiyo. Nchi ya Nepal imekuwa na robo saa ya namna hiyo tangu mwaka 1986, na India yafuata nusu saa tangu mwaka 1906. Matokeo ya uamuzi wetu yaweza kuonekana na kila mtu mwenye kijiti na uwanja: simamisha kijiti wima katika uwanja wa shule mjini Nairobi, uone kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Hutaiona saa sita kamili, bali karibu saa sita na nusu, ikizidi au kupungua kwa dakika kadhaa kufuatana na mwezi wa mwaka. Nusu saa hiyo ndiyo bei tuliyolipa ili tupatane na wenzetu.

Lakini kuna jambo moja ambalo serikali haikuweza kulibadilisha. Saa za ukutani zilizoletwa kutoka ng'ambo zilianza hesabu yao usiku wa manane na adhuhuri. Waswahili walizikubali mashine, wala hawakuikubali hesabu. Mshale ukielekea kwenye tisa, mzungumzaji wa Kiswahili husema ni saa tatu. Ukielekea kwenye moja, husema ni saa saba. Hata leo habari za jioni zikisomwa redioni, mtangazaji wa Kiswahili hutaja saa moja mahali ambapo yule wa Kiingereza hutaja saba, nao wote wawili wanaitazama saa ile ile. Huu ni ushindi mdogo wa lugha, uliopatikana bila kelele. Nao, kama tutakavyoona, una wajibu wake.

Sasa tuje kwenye barua pepe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Kimarekani, alipeleka ujumbe wa kwanza wa namna hiyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Mwanzoni mashine chache tu zilihusika, nazo karibu zote zilikuwa Marekani. Mtandao ulipopanuka, lile swali la reli likarudi: saa iliyoandikwa juu ya barua ni saa ya nani? Kanuni iliyotolewa mwaka 1982 iliruhusu majibu ya namna tatu. Mpelekaji aliweza kuandika kifupi cha jina la ukanda wa Marekani, au herufi moja ya alfabeti kama wafanyavyo wanajeshi, au tofauti kwa tarakimu.

Njia mbili za kwanza zilileta matata. Vifupi vya majina si vya mtu mmoja: herufi IST, kwa mfano, hutumiwa na watu wa India, wa Ireland na wa Israel, kila mmoja akikusudia saa yake. Njia ya herufi moja ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa walioandika kanuni waliigeuza mashariki kuwa magharibi. Katika desturi ya kijeshi Kenya iko katika ukanda wa herufi C, yaani saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini kanuni ya mwaka 1982 iliiweka C saa tatu nyuma yake. Barua ya Nairobi yenye herufi hiyo ingesomwa kama kwamba imeandikwa katika mji mkuu wa Brazil, na kosa lingekuwa la muda wa saa sita. Mwaka 1989 wataalamu waliwashauri watu watumie tarakimu, na kanuni mpya ya mwaka 2001 ikaeleza wazi kwamba herufi hizo, kwa sababu ya kosa lile, zisitegemewe. Hivyo ndivyo alama ya +0300 ilivyoshinda. Haina jina la nchi wala la mfalme. Ni hesabu tupu, na mashine yoyote yaweza kuisoma.

Kazi yake ni rahisi. Tuseme karani wa Nairobi apeleka barua saa nne na robo asubuhi katika mwezi wa Januari. Kompyuta yake huandika 10:15 +0300. Kompyuta ya New York huipokea, huondoa saa tatu na kupata 07:15, ambayo ndiyo saa ya ulimwengu mzima, iitwayo kwa kifupi UTC. Kisha huondoa saa zake tano, na kumwonyesha mwenyewe kwamba barua iliandikwa saa nane na robo za usiku. Hakuna aliyedanganywa. Lakini ofisi isiyoweka sawa saa au ukanda wa kompyuta yake huivunja hesabu yote: barua za majibu huonekana zimetangulia maswali, na siku ya mabishano juu ya nani aliyeandika kwanza, ushahidi huo hauna thamani.

Barua hueleza jambo lililokwisha kupita. Miadi hueleza jambo lijalo, na hapo ugumu huzidi, kwa sababu serikali hubadilisha saa zake. Mwaka 1986 hivi, Arthur David Olson, Mmarekani, alianza kukusanya katika daftari moja la kompyuta saa za miji ya dunia na historia ya mabadiliko yake. Daftari hilo, ambalo Paul Eggert amelitunza kwa miaka mingi, ndilo linalotumiwa na simu na kompyuta nyingi mno duniani. Humo Nairobi imepewa nafasi ya pekee: Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa, Mogadishu na miji mingine jirani yaelekezwa kwenye jina la Nairobi, kwa kuwa saa yao ni moja. Juba haimo. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, na tangu hapo yapishana na Kenya. Kompyuta ambayo ilikuwa haijapokea daftari jipya iliendelea kuonyesha saa ya zamani, na mtu aliyeifuata alifika mkutanoni saa moja kabla ya wenzake.

Tena ziko nchi zinazobadilisha saa mara mbili kila mwaka. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu mwaka 2007, husogeza zake Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kenya haisogezi. Kwa hiyo tofauti yetu na London ni saa tatu wakati mmoja na saa mbili wakati mwingine, na katika mwezi wa Machi ziko wiki mbili au tatu ambapo New York imekwisha kusogea na London bado. Tuchukue mfano. Mwanafunzi aomba nafasi ya masomo, na tangazo lasema kwamba maombi yatapokelewa mpaka saa kumi na moja jioni, kwa saa ya London, tarehe 15 Aprili. Yeye amekariri kwamba Kenya iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo aona kwamba ana nafasi mpaka saa mbili usiku. Apeleka barua yake saa moja na nusu, akiwa ametulia. Lakini Aprili London imekwisha kusogea, na mlango ulifungwa saa moja. Barua yake imechelewa nusu saa, wala alama ya +0300 haitamwombea, bali itamshuhudia.

Hapa ndipo wajibu wa lugha yetu unapoingia. Ukimwandikia mwenzako kwamba mtaonana saa tatu, yeye akiwa amezoea hesabu ya Kiingereza, aweza kukungoja alasiri hali wewe ulifika asubuhi. Kompyuta haiwezi kusaidia, kwa kuwa maneno ya ndani ya barua haiyageuzi. Hugeuza saa ya juu tu. Hii si sababu ya kuiacha hesabu ya wazee wetu, bali ni sababu ya kuieleza. Mwandishi mwangalifu husema saa tatu asubuhi, hutaja mji ambao saa yake inafuatwa, na anapowaandikia wageni huongeza tarakimu za kompyuta, yaani 09:00, ili pasiwe na shaka.

Na mwisho liko suala la haki. Watu wa Nairobi na wa New York wakitaka kuzungumza, saa yoyote itakayochaguliwa humgusa mmoja wao asubuhi sana au jioni. Mashine hukokotoa tofauti, lakini haijui ni nani aliyeamshwa alfajiri mara zote kumi. Ofisi yenye adabu hupokezana usumbufu huo. Na lile lisilohitaji mazungumzo huandikwa, kwa maana barua hungoja, na mtu aweza kuisoma kwake kukishapambazuka.

Tumeona basi kwamba saa haikushuka kutoka mbinguni pamoja na jua. Ilipatanwa na watu wa reli, wa simu, wa serikali na wa kompyuta, na katika sehemu kubwa ya mapatano hayo wazee wetu hawakuwako. Leo mambo si hivyo. Nchi za Afrika hujiamulia saa zao zenyewe, na kanuni za mtandao huandikwa katika mikutano iliyo wazi kwa yeyote mwenye elimu ya kuchangia. Mwanafunzi anayejua kwa nini barua yake imeandikwa +0300 amekwisha kupiga hatua ya kwanza kuelekea meza hiyo.